Kepher Otiende, Mbeba Ramani wa Serikali Mbili

Kepher Otiende anaacha kazi tarehe 31 Machi mwaka huu wa 1938, baada ya kuitumikia ofisi ya upimaji ya hapa Kericho kwa miaka kumi na tisa. Karani Gichuki ameniambia wasifu wa mstaafu huanza hivyo, kwa miaka na tarehe, basi nimeanza hivyo. Yeye anaandika, mimi nasema. Mimi ni Wanjuhi wa jikoni, niliyewapikia watu wa upimaji tangu chai ya hapa ilipokuwa bado miche. Wakubwa wamesema maneno yawe ya furaha. Nitajaribu. Lakini mtu aliyetembea miaka yote hiyo amechoka, na kumwimbia aliyechoka kwa sauti kubwa si heshima.

Kwa wageni wasiomjua, Otiende ndiye yule mrefu aliyekaa karibu na mlango, kofia juu ya goti. Msimhurumie kwa sababu shingo yake imezama mabegani. Shingo hiyo imebeba Kenya na Tanganyika zikiwa zimekunjwa ndani ya mkebe wa bati, na hazijalowa hata siku moja.

Alizaliwa Kadem, kando ya ziwa, si mbali na mpaka wa Tanganyika. Vita vya Wajerumani vikamchukua kama vilivyochukua wengi, akabeba masanduku ya risasi mpaka mahali ambapo hata leo hapataji wakati wa kula. Alirudi, wengi wa rika lake hawakurudi. Akaja Kericho kutafuta kazi ya kubeba kitu kisichoua mtu. Ofisi ikamwandika mwaka wa 1919, ikampa kushika ncha ya mnyororo wa kupimia.

Mashamba ya chai mnayoyaona kutoka hapa mpaka Boito, yamenyooka kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka. Otiende alikuwa kwenye ncha ya mnyororo ule. Mvua ya Boito mnaijua, haibishi hodi. Watu walivaa magunia, wakapima huku matope yakiwafika magotini. Si kila aliyeuona mnyororo ukipita alifurahi. Wazee wa Kipsigis waliokuwa wakilisha ng'ombe pale wanajua walikosukumwa. Otiende aliwasalimia kila asubuhi. Siku nyingine waliitika, siku nyingine walinyamaza, naye hakuwalaumu. Alisema mtu anayekuja na mnyororo asingoje kukaribishwa maziwa.

Alipofanywa nyapara wa wapagazi ndipo tulipomjua vizuri. Otiende ni Msabato, na siku ya Jumamosi habebi hata kikombe. Mimi ni wa misheni ya Waskoti, Jumapili siwashi moto mkubwa. Wapagazi waliligundua jambo hilo upesi kuliko walivyogundua maji. Jumamosi wote walikuwa Wasabato pamoja na nyapara wao. Jumapili wote waliokoka upande wangu. Bwana mpimaji, yule tuliyemwita Miwani, akauliza kama kambi hii ni ya serikali au ya malaika. Otiende akamjibu kwa adabu, “Bwana, malaika ni wale wale, ila wao hawana mizigo.” Mwishowe ikaamuliwa kila mtu ataje kanisa lake mwezi unapoanza, na asihame katikati.

Siku nyingine kule Silibwet mto Nyangores ulikuwa umefurika. Otiende akateleza kwenye jiwe, maji yakaondoka naye. Tulichokiona ni mkono mmoja na mkebe wa ramani vikisafiri juu ya maji. Alipojikokota ng'ambo, Miwani alipaza sauti kuuliza kama ramani ni kavu. “Kavu kabisa, Bwana!” akajibu. “Aliyelowa ni mimi, na mimi sina nakala.” Tangu siku hiyo Miwani alianza kuuliza habari za mtu kwanza, halafu za mkebe. Lakini iligharimu mto mzima kumfundisha.

Sasa niseme kazi yenyewe, maana wengi hapa mnadhani alikuwa akipeleka barua.

Kenya na Tanganyika ziko chini ya Mfalme mmoja, lakini makabati ni mawili, na kila kabati lina ufunguo wake. Ramani yetu ilifika mpakani ikaishia pale. Mbele yake ilikuwa karatasi nyeupe tu, kana kwamba Mungu alipofika pale alichoka kuumba. Ramani ya Tanganyika nayo ilianza mpakani, na huku kwetu kote kukawa kweupe. Ofisi ikitaka kujua mto fulani unaelekea wapi ukishavuka, barua ilienda Nairobi, ikaenda Dar es Salaam, ikarudi wakati aliyeuliza ameshahamishwa. Ndipo wapimaji wa pande mbili walipokubaliana kwamba nakala zibebwe na mtu mwenye miguu. Miguu ikawa ya Otiende, hata alipokuwa nyapara, kwa sababu mwingine yeyote angeufanya mkebe mto wa kulalia. Alipita Roret, akapita Sotik na Kisii, akateremka Migori mpaka Musoma. Akaacha nakala za kwetu, akachukua za kwao, akarudi.

Ng'ambo alipokewa na Nyamwange, Mkuria, tarishi wa wapimaji wa Musoma. Hao wawili walitukanana kwa upendo mpaka mgeni akadhani ni ugomvi.

“Mjaluo, umeniletea nchi yako imekunjwa tena? Haiwezi kutembea yenyewe?”

“Imeshindwa, shemeji. Ilisikia inakuja kwako.”

Halafu walikula pamoja, na kila mmoja alidai samaki wa upande wake wa ziwa ndiye mtamu. Ziwa ni lile lile. Niliwaambia hivyo, wakaniambia watu wa milimani wasiingilie habari za samaki.

Mwaka wa 1929 watu wetu walipelekwa mpakani kujenga mnara wa mawe juu ya kilima. Hiyo ilikuwa alama ambayo wapimaji wa nchi zote mbili wangeilenga kwa darubini zao, kila mmoja akiwa upande wake. Maji ya kunywa yalikuwa kusini, kwa hiyo kila siku wapagazi walivuka penye mlango wa vilima na debe kichwani, wakaenda na kurudi. Na desturi ya mahali kama pale mnaijua. Mtu akivuka na mzigo huokota jiwe, hulitemea mate, hulitupa kwenye lundo la wasafiri, ili uchovu wake ubaki pale asishuke nao nyumbani. Lundo lilikuwepo tangu zamani, dogo, kimo cha goti. Watu wetu walikuwa wengi, na uchovu wao ulikuwa mwingi zaidi. Kazi ilipokwisha lundo lilikuwa limempita mtu mzima kimo, na mcheshi mmoja akachomeka fimbo nyeupe juu yake. Kusema kweli lilipendeza kuliko mnara wa serikali. Mimi nilipita pale na sufuria zangu mgongoni, na mwanamke aliyebeba sufuria haokoti mawe. Uchovu wangu nilirudi nao.

Wapimaji wa Tanganyika walikuja baadaye, wakati nyasi zinachomwa na moshi umejaa kila mahali. Kutoka mbali hawakuuona mnara. Waliona lundo lenye fimbo, wakasema alama ndiyo ile. Wakapima, wakachora mpaka, wakafunga kabati.

Kati ya lundo na mnara kuna kijiji, Nyabitari.

Basi ramani yetu ilisema Nyabitari ni ya Tanganyika. Ramani yao ikasema Nyabitari ni ya Kenya. Karatasi za sehemu ile zilikuwa hazijabadilishanwa bado, zilisubiri ruhusa ya wakubwa, na kwa kuwa kila ofisi ilitazama ya kwake peke yake, kila mtu alilala usingizi mzuri. Hata watu wa Nyabitari walilala. Hakuna aliyewasumbua, wakadhani ni baraka.

Mwaka wa 1931 sotoka ikaja. Aliyewahi kufuga hahitaji kuelezwa. Ng'ombe hutoka machozi, huhara, hulala, haamki, na zizi zima hufuata. Serikali zote mbili zilituma madaktari wa ng'ombe na sindano zao, na madaktari wakafuata ramani walizopewa. Wa kwetu alidunga mpaka ukingo wa Nyabitari, akasimama. Wa Tanganyika alidunga mpaka ukingo wa pili, naye akasimama.

Wakati huo kambi yetu ilikuwa karibu na mpaka kwa kazi nyingine. Asubuhi moja akaja mama mmoja wa Nyabitari, mjane, jina lake Mellen. Hakusalimu.

“Nani hapa ndiye mwenye karatasi?”

“Karibu, mama,” Otiende akasema. “Keti kwanza.”

“Siketi. Daktari wa kusini ameniambia mimi ni mtu wa Kenya. Daktari wa kaskazini ameniambia mimi ni mtu wa Tanganyika. Ng'ombe wa jirani wameanza kutoka machozi. Nyinyi ndio mliochora. Niambieni mimi ni wa nani, ng'ombe wangu wadungwe kabla hawajafa.”

Nilimpa chai, akainywa akiwa amesimama. Nikamwambia, “Keti, mwanangu. Sotoka haimwogopi aliyesimama.” Ndipo akaketi, akalia bila sauti, kikombe bado mkononi.

Otiende akamwendea Miwani, akamwomba karatasi za nchi mbili ziwekwe juu ya meza moja. Miwani akasema ruhusa bado haijafika. “Ikifika itakuta mifupa, Bwana,” Otiende akasema. Yule mzungu akafuta miwani yake kwa muda mrefu, mpaka nikadhani ataitoboa. Hakuwa mtu mbaya. Akamwandikia mwenzake wa ng'ambo maneno machache kwa jina lake mwenyewe, akisema aje na karatasi yake, lawama ataibeba yeye Miwani. Otiende akaenda usiku na mchana. Akarudi na Nyamwange, na bwana wa Nyamwange, na karatasi.

Meza ilikuwa ya kwangu, ile ya kukandia unga. Niliifuta. Karatasi zikalazwa bega kwa bega. Mto ukakutana na mto, njia ikakutana na njia, kisha penye vilima zikaachana kama meno mabovu. Nyabitari ilikuwa ndani ya pengo, haina mwenyewe. Mabwana wakaanza kubishana darubini ya nani ni mbovu. Walibishana kwa upole, kwa Kiingereza, na huo ndio ubishi usiokwisha.

Bwana wa ng'ambo akamgeukia tarishi wake. “Nyamwange, wewe ulikuwepo. Uliona nini?”

“Niliona mawe marefu, Bwana, na fimbo nyeupe juu yake.”

Mnara wetu haukuwa na fimbo. Wapagazi wote wakatazama chini, wakatafuta siafu. Kila mtu alijua.

Hapo ndipo nataka mumtazame vizuri huyu mzee mwenye kofia gotini. Kama angenyamaza, kosa lingekuwa la darubini, na darubini haifukuzwi kazi. Lakini ubishi ungeenda Nairobi na Dar es Salaam, ungekaa huko miezi, na Mellen alikuwa bado ameketi kwenye kigoda changu. Otiende akavua kofia.

“Bwana, lile ni lundo la uchovu wetu. Ni desturi. Watu wangu waliliongeza kila siku, nami nyapara wao sikuwakataza. Hata mimi niliweka.”

Halafu Nyamwange akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. “Shemeji! Yaani nchi nzima tumepima uchovu wa Wajaluo!”

“Na wa Wakisii,” Otiende akasema. “Usiwanyime haki yao.”

Siku ile ile mabwana walipanda kilima, wakaona wenyewe, wakashuka, wakatia mstari mmoja wa penseli kwenye karatasi zote mbili. Nyabitari ni ya Tanganyika. Daktari wa kusini akaja na sindano zake. Ng'ombe kadhaa walikuwa wameshakufa na wengine walikufa baadaye. Wengi walipona. Wa Mellen walipona wote isipokuwa ndama mmoja.

Hakuna mpagazi aliyefukuzwa. Lakini baada ya miezi, neno lilikuja kutoka juu kwamba nyapara anayeacha alama za serikali zichanganywe na mawe ya njiani hafai kuwa nyapara. Otiende akavuliwa mkanda wake wa unyapara, akarudishwa kuwa tarishi, akabeba mkebe bila cheo. Miwani alimtetea, hakusikilizwa. Mimi nilikasirika nikaipikia ofisi ugali mbichi wiki nzima, na aliyeuliza nilimjibu kwamba kuni ni za Nairobi. Otiende aliula bila kulalamika. Akaniambia, “Mama, jiwe nililiweka mwenyewe. Acha watu wale.”

Ndiyo sababu anastaafu akiwa tarishi. Msidhani hakuweza zaidi.

Mafanikio yake ni haya. Tangu mwaka ule, kila kiangazi, karatasi za mpakani hubadilishanwa na pande zote mbili, bila kungoja ng'ombe wafe kwanza. Fungueni kabati letu mtaona. Ng'ambo si nyeupe tena. Kuna mito, kuna njia, kuna vijiji na majina yake. Hata watu wa Uganda wameanza kuleta za kwao kwa meli ya Kisumu. Gichuki anasema hili liandikwe kwa herufi kubwa. Liandike, mwanangu.

Lakini kazi hiyo haikujiendesha. Mabwana huhamishwa. Kila mpya akifika, anafunga kabati na kuuliza kwa nini mali ya ofisi apewe jirani. Otiende anaanza upya: kijiji cha Nyabitari, sotoka, lundo, fimbo nyeupe. Bwana anacheka, anafungua kabati, anahamishwa. Anakuja mwingine. Kiangazi kilichopita Otiende alirudi kutoka Musoma akachelewa kuliko siku zote, goti limevimba kama boga. Akaketi jikoni kwangu bila kuvua koti. “Mama Wanjuhi,” akasema, “kutembea hakujanichosha. Kueleza ndiko kumenichosha.” Nikampa uji. Hakuna dawa nyingine ninayoijua.

Ofisi imempa kiti. Nilisema mimi kiwe kiti, walikuwa wanataka kumpa saa, kana kwamba kuna mahali anachelewa.

Watu wa Nyabitari nao walisikia anastaafu. Wiki tatu zilizopita Mellen na wazee wa kijiji walimfikisha mpakani mtamba mwekundu, mwenye afya, awe wa Otiende. Na karantini ya ng'ombe, ile ya kuzuia sotoka isivuke, bado ipo. Afisa wa kizuizi cha mpakani akafungua ramani yake, akaona wazi kabisa kwamba Nyabitari ni Tanganyika, kwa hiyo mtamba ni wa Tanganyika, kwa hiyo hapiti. Habari ilipotufikia nililaani kwa Kikikuyu, na Gichuki amekataa kuandika nilichosema. Otiende alicheka mpaka akakohoa. Akasema karatasi iko sawa, nimwache afisa wa watu afanye kazi yake. Mellen ametuma neno kwamba mtamba ana mimba na anakaa zizini kwake, na Otiende mwenyewe aje akanywe maziwa hukohuko.

Basi Otiende, ndugu yangu mdogo, asante. Asante kwa njia ulizotembea tukiwa tumelala, na kwa kofia uliyoivua pale mezani kwangu. Kutoka kwenu Kadem mpaka Nyabitari si mbali. Nenda polepole, na huo mkebe uache hapa, vijana wana shingo. Wakikuuliza kizuizini umetumwa na nani, sema hujatumwa. Sisi wote wa ofisi na wa jikoni tunakuombea miaka mingi ya kutotumwa na mtu yeyote.